Siku Niliposhuhudia Kwamba Hawapo

Nimefundisha muda mrefu kuliko umri wa baadhi ya majengo niliyofundishia, na muda wote huo watu wameniita majina mengi. Mkali, wamesema, na ni kweli. Mchoyo wa chaki, nalo ni kweli, maana chaki nilikuwa nikizikata vipande na kuzigawa kama dawa. Lakini mwongo sikuwahi kuitwa, wala sikuwahi kujiona hivyo. Ndiyo maana haya nayaandika taratibu, na mara mbili nimekwisha kuyaacha katikati.

Shule yangu ya mwisho kabla ya kustaafu ilikuwa kwenye kisiwa kimoja cha delta, mbele ya Maparoni ukitokea Nyamisati. Walimu tulikuwa wanne kwa madarasa saba. Mimi nilikuwa mwalimu mkuu, mwalimu wa hisabati wa madarasa ya juu, na fundi wa kufuli la ofisi. Kwetu ni Mtawanya. Mimi ni mtu wa nchi kavu, mtu wa mihogo na korosho, na kabla ya uhamisho ule sikuwahi kulala mahali ambapo maji ya bamvua yanapanda mpaka mlango wa choo. Mwaka wa kwanza nilinung'unika mno, hata mke wangu, aliyebaki nyumbani, akaniambia kwenye simu kwamba nikianza tena habari za mbu atakata.

Kilichonikera kuliko mbu kilikuwa rejista ya mahudhurio. Watoto wa kule walikuwa wakiyeyuka. Ikifika Aprili, mpunga ukianza kutoa masuke, familia nzima inahamia shambani, ng'ambo ya mikondo, na kuishi kwenye dungu. Dungu ni kibanda kilichoinuliwa juu ya nguzo, urefu wa kumpita mtu, ili kiboko apite chini na wewe ubaki juu na roho yako. Huko watu hukaa mpaka mavuno. Asubuhi na jioni wanafukuza ndege, usiku nguruwe, na tumbili saa yoyote tumbili wanapojisikia. Kazi ya kufukuza ndege inaitwa kuamia, na kuamia kunataka macho, koo na mkono wa kombeo, yaani kunataka mtoto. Darasa la wanafunzi thelathini linabaki na kumi na mmoja. Mimi nilikuwa nikiwaandika watoro kwa wino mwekundu, na kila siku nilikasirika upya, utadhani wale ndege wametumwa na wazazi kunikomoa.

Katika watu wote wa kisiwa kile alikuwako mmoja tu ambaye hasira zangu hazikumweza. Alikuwa mama mtu mzima, ananizidi kama miaka kumi, aliyekuwa akimlea mjukuu wake wa kike tangu mama wa mtoto afariki. Baba wa mtoto habari zake zilikuwa hazijulikani. Mimi nilimwita mama, kama inavyopasa, naye aliniita mwalimu, ila akitaka kunichokoza aliniita mwalimu wa barabarani. Alikuwa na shamba lake la mpunga, shamba la mwisho kabisa, saa mbili kwa kasia. Hakuwa na kitu kingine.

Alikuwa pia kwenye orodha ya kaya zinazopewa ruzuku ya serikali. Kila baada ya miezi kadhaa wenye kaya hizo waliitwa majina na kupewa fedha, si nyingi, kwa sharti kwamba watoto wao wahudhurie shule. Fomu za mahudhurio nilikuwa nazijaza mimi. Wengine walinunua bati moja moja mpaka nyumba ikaezekwa. Wengine walinunua kuku, kuku wakafa kwa mdondo, wakanunua wengine. Yeye alifanya jambo ambalo sikuliona kwa mtu mwingine: alimlipa mtu wa kuamia. Alitafuta kibarua akae naye shambani msimu wote, na yule mjukuu akamwacha kijijini, alale kwa jirani na aje shule kila siku. Wenzake wakiwa juu ya madungu wanapiga makelele, yeye yuko dawati la mbele, ameshika kalamu. Sijapata kuona fedha ya serikali ikitoka mkononi mwa mlipaji na kuingia moja kwa moja kichwani mwa mtoto namna ile.

Na kichwa chenyewe kilikuwa kichwa. Siku moja akiwa darasa la sita nilikosea kugawa desimali ubaoni. Alinyoosha mkono, akasema kwa heshima zote, "Mwalimu, nukta imehama." Nilimwambia akae. Kisha nikaitazama ile nukta, na kweli ilikuwa imehama. Sikumshukuru siku ile, maana nilikuwa na tabia hiyo, lakini nikaanza kumpa maswali ya peke yake, naye akawa anayarudisha asubuhi kabla sijameza chai.

Alipofika darasa la saba nikajiambia kwamba huyu, Mungu akipenda, ndiye nitakayestaafu naye mkononi. Mtihani ulikuwa Septemba. Mimi nilikuwa nimebakiza muda usiotimiza mwaka.

Aprili ile ikaja boti ya faiba kutoka wilayani, na ndani yake kijana mmoja afisa na nahodha wake. Afisa alikuja kuhakiki kaya za ruzuku: aende nyumba kwa nyumba, aone kama walioandikwa wapo kweli, awapige picha. Tangazo lilikuwa limetolewa msikitini Ijumaa, na wenye mashamba ya karibu walirudi kijijini siku ile kungoja. Mwenyekiti na mtendaji wa kijiji walikuwa wamekwenda maziko ng'ambo. Afisa alihitaji mtumishi wa serikali atembee naye awe shahidi, akaja shuleni kuniomba. Alikuwa kijana mwenye adabu. Viatu vyake vilikuwa vimekwisha kujaa matope, na bado aliniamkia shikamoo kwa mikono miwili.

Nilikubali upesi, na sababu ya upesi ule ndiyo aibu yangu. Watumishi tuliokaribia kustaafu tulikuwa tumeitwa Kibiti kuhakikiwa kumbukumbu zetu, kila mtu na vyeti vyake halisi, na siku ya mwisho ilikuwa kesho yake. Siku hiyo hapakuwa na chombo kingine cha kutoka kisiwani. Afisa aliniahidi nafasi kwenye boti. Basi nilitembea kijiji kizima nikiwa na bahasha yangu kwapani: cheti cha kuzaliwa, barua ya ajira, barua ya kuthibitishwa kazini, kila kitu kimefungwa kwenye nailoni kama samaki wa kupelekwa mjini.

Darasa la saba niliwaachia maswali ya uwiano.

Tulikwenda vizuri mpaka nyumba ya yule mama. Mlango ulikuwa umefungwa kwa kamba ya ukindu, na mbele yake limelazwa kuti. Kule ndiyo desturi: ukihamia shambani unalaza kuti mlangoni, apitaye ajue wenyewe wako kwenye mpunga, asihangaike kubisha. Kila mtu wa kisiwa anajua. Afisa alikuwa wa bara. Aliona mlango wa kamba, majani yameota uani, na kuti limekauka.

"Hapa pana watu, mwalimu?"

"Wako shamba."

"Tangu lini?"

"Tangu mwanzo wa mwezi. Habari ya leo nadhani haikumfika."

Alinionyesha kishikwambi chake. Palikuwa na sehemu mbili tu za kubonyeza: kaya ipo, kaya haipo. Ukibonyeza ipo, chombo kinadai picha ya mwakilishi wa kaya papo hapo, bila picha hakisogei. Akaniuliza kama huyo bibi anaweza kuletwa. Nikatazama mkondo. Maji yalikuwa yanatoka, mizizi ya mikoko imeanza kuonekana, na nahodha alikuwa amekwisha kupiga mluzi mara mbili. Kwenda shambani saa mbili, kurudi saa mbili. Tukingoja, boti inakaa kwenye tope, tunalala kisiwani, na kesho nakosa uhakiki wangu.

"Leo hawezi," nikasema.

"Basi niandike haipo. Atakata rufaa baadaye, si jambo kubwa."

Akaninyooshea kile kishikwambi nitie saini kwa kidole, nikiwa shahidi kwamba kaya ile haipo kijijini.

Shule ilikuwa karibu hata nikiita kwa sauti ningesikika. Nusu ya kaya ile ilikuwa imekaa dawati la mbele, inafanya uwiano niliouandika mwenyewe. Ningeweza kumwita mtoto, nikamwambia afisa, huyu hapa, kaya ipo, bibi yake tutamtafutia namna. Nililifikiria hilo. Nataka ijulikane kwamba nililifikiria, sikusahau. Kisha nikatia saini, tukapanda boti.

Kibiti uhakiki wangu haukuchukua muda wa kikombe cha chai. Dada wa mapokezi alitazama picha, akanitazama mimi, akacheka, akasema nywele tu ndizo zilizokimbia. Nikagongewa muhuri. Nikala wali kwa kuku pale stendi na kuagiza soda ya pili. Nililala Mtawanya kwa mke wangu na usingizi ulikuwa mzuri.

Mwanzoni mwa Mei wakaja kulipa. Yule mama alipiga kasia tangu alfajiri, akafika amevaa kanga zake za kutokea, akakaa na wenzake kwenye baraza ya ofisi ya kijiji. Majina yakasomwa. Jina lake halikusomwa. Akangoja mpaka mtu wa mwisho, akasimama, akauliza. Wakamtafuta, wakampata, wakamwambia kaya yake imeondolewa kwa kuwa haipo.

"Sipo?" akasema. "Na huyu aliyesimama hapa nani, jini?"

Watu wakacheka, na yeye akacheka pamoja nao. Alidhani ni kosa la kusahihishwa pale pale. Walipomwambia kwamba kosa halisahihishwi pale, kwamba kuna rufaa, kuna kikao, kicheko kikakatika. Mimi nilikuwa hapo hapo na fomu zangu za mahudhurio. Kwenye mikono yangu palikuwa na karatasi inayosema mjukuu wake hakukosa hata siku moja. Niliiweka katikati ya nyingine na sikufungua mdomo.

Jumatatu iliyofuata dawati la mbele lilikuwa tupu. Sikuhitaji kuuliza. Yule kibarua alikuwa anafanya kazi kwa ahadi ya fedha zile, fedha hazikuja, kibarua akaondoka. Ndege hawangoji rufaa. Ilibidi mtoto apande dungu.

Nilimwandika mtoro kwa wino mwekundu Jumatatu, na Jumanne, na wiki yote ile, na wiki ya pili. Wiki ya tatu nilifungua rejista nikashindwa. Si kwamba nililia, mimi si mtu wa hivyo, lakini nilikasirika na safari hii hasira haikuwa na pa kwenda. Wazazi hawakuwa na kosa. Ndege hawakuwa na kosa. Serikali ilikuwa imetenga fedha, ikanunua boti, ikamtuma kijana wa watu mpaka kwenye matope. Nilipotafuta wa kumkasirikia nikamkuta ni mimi.

Jumamosi nikakodi mtumbwi, nikapelekwa.

Unalisikia shamba kabla hujaliona. Makopo yamefungwa kwenye kamba, kamba zimetandazwa juu ya mpunga pande zote, na miisho yake yote iko juu ya dungu. Anayeamia akivuta, shamba zima linalia. Juu ya dungu alikuwa yule mtoto, kamba mkono huu, kombeo mkono ule, na rundo la vidonge vya udongo miguuni. Aliponiona aliniamkia shikamoo na sauti haikutoka. Ilikuwa imekauka kwa kupiga makelele. Akanywa maji, akajaribu tena, na alichouliza baada ya shikamoo kilikuwa hiki:

"Mmefika wapi, mwalimu?"

"Hatujafika mbali," nikamwambia. Tulikuwa tumefika mbali.

Bibi yake alikuwa chini, anapalia kando ya kijito. Nilimwamkia, akaitikia marahaba mwalimu wa barabarani, leo umepotea njia? Nikasema nisimzungushe.

"Mama, aliyeshuhudia kwamba hampo ni mimi. Saini ni yangu."

Aliendelea kung'oa majani kidogo. Kisha akanyoosha mgongo.

"Kwani ulikuwa hujui tuliko?"

"Nilikuwa najua."

"Na mtoto siku hiyo alikuwa wapi?"

"Darasani kwangu."

"Ulikuwa na haraka ya nini?"

Nikamwambia. Habari ya bahasha, ya maji kutoka, ya pensheni yangu. Mbele yake, kwenye tope lile, maneno yale yalikuwa madogo kuliko nilivyoyafikiria njiani. Alisikiliza yote. Nilitegemea atanitukana na ningepokea.

"Mwalimu," akasema, "ndege miye nawafukuza kwa udongo. Wewe nikufukuze kwa nini?"

Hakusema amenisamehe. Alinipa ugali na kitoweo cha kamba wa kijitoni, kwa kuwa saa ya kula ilikuwa imefika na mgeni ni mgeni, akaniambia nile upesi maji yasinikimbie.

Niliporudi niliandika rufaa kwa niaba yake. Ningependa kusema niliandika kiume. Mke wangu kwenye simu alikuwa ameniuliza maswali mawili: umebakiza miezi mingapi, na pensheni hiyo ni yako peke yako? Mficha uchi hazai, wanasema, lakini mimi nilificha. Niliandika kwamba kutokana na changamoto za usafiri wa majini, kaya husika haikuweza kufikiwa siku ya uhakiki. Ilikuwa barua safi. Ndani yake mlikuwa na maji, mna umbali, mna changamoto, ila hamkuwa na mtu yeyote aliyefanya jambo lolote.

Katikati ya Juni, mpunga haujaiva bado, afisa yule yule akarudi kusikiliza rufaa. Kikao kilikaa kwenye darasa la saba kwa sababu ndilo lenye madawati ya kutosha. Wazee na akina mama wakajibana kwenye viti vya watoto. Mimi nilikaa pembeni ya ubao. Yule mama alikuja na mjukuu wake, na siku ile shamba walimwachia jirani awatupie jicho.

Afisa alieleza utaratibu kwa upole, akarudia mara mbili ili kila mtu aelewe. Kama viongozi walijua kaya iko wapi na ikaandikwa vibaya, ni kosa la uandishi, inarudishwa malipo yanayofuata. Kama kaya iliondoka bila kumuaga kiongozi yeyote, haiwezi kurudishwa mpaka uandikishaji mpya. Lini uandikishaji mpya, hakujua. Maneno niliyomjibu pale mlangoni hayakuwa kwenye kishikwambi, na kwa nyumba alizokwisha kupita alikuwa ameyasahau. Akamgeukia mwenyekiti. Mwenyekiti akasema yeye hakuagwa, na ni kweli, kule nani anaaga kwenda shamba? Unalaza kuti, unakwenda. Basi afisa akamgeukia mwenyewe.

"Bibi, yuko kiongozi au mtumishi yeyote aliyejua uliko siku ile?"

Alisimama. Akanitazama, si sana, kama mtu anayetazama saa ukutani.

"Hakuna," akasema. "Niliondoka bila kuaga mtu. Kosa langu mwenyewe."

Nilisikia nafuu. Nalisema hili kwa sababu ndilo linaloniuma mpaka leo kuliko saini. Kabla sijashangaa, kabla sijamwonea huruma, nilisikia nafuu, ikanishuka kifuani kama maji ya baridi. Afisa akainama kwenye kishikwambi. Mtoto alimgeukia bibi yake, akafungua mdomo, bibi akamshika bega. Yule mtoto alijua. Siku ya uhakiki alikuwa kwenye darasa lile lile, na alituona dirishani tukielekea kwao.

Nikasimama.

"Si kweli," nikasema. "Aliyejua aliko ni mimi. Nilijua yuko shamba, nilijua shamba lenyewe, na mjukuu wake nilikuwa nimemwacha hapa, dawati hilo hapo. Niliulizwa nikatia saini kwamba hawapo, kwa kuwa nilitaka kuiwahi boti. Na barua ya rufaa niliyoandika nayo imeficha."

Mzee mmoja akasema lahaula. Afisa aliniangalia kwa huruma iliyoniudhi.

"Mwalimu, unafahamu kwamba hili inabidi niliandike? Wewe ni mtumishi."

"Liandike."

Akaandika. Alichukua muda, au mimi ndiye niliyeuona mrefu.

Baada ya kikao nilimfuata yule mama mpaka alipofunga mtumbwi. Nilikuwa nimekasirika tena, afadhali niseme ukweli wote. Nilimuuliza kwa nini alisema uongo wakati uongo ule ulikuwa unamwondolea ruzuku moja kwa moja. Alikuwa anakomba maji ya mtumbwi kwa kata, na hakuacha.

"Mwalimu wa hesabu hapa ni wangapi?"

"Mmoja."

"Basi. Wakikuondoa wewe kabla ya mtihani, hizo fedha wanazonirudishia n'zipeleke wapi? Nimlipe mtu wa kuamia ili mtoto aje akae kwenye darasa lisilo na mwalimu?" Akamwaga kata ya mwisho. "Jumatatu atakuja. Usimpige kwa siku alizokosa."

Nikamwambia fedha za malipo yanayofuata hazitafika kabla ya mavuno, kibarua atampata kwa nini? Akasema hilo ni lake na ndege, akasukuma mtumbwi.

Mtoto alikuja Jumatatu. Kwa majuma yote yaliyobaki nilimfundisha baada ya masomo, mimi na yeye na chaki nzima, sikukata kipande. Mwezi uliofuata mavuno jina la bibi yake lilisomwa barazani, na watu wakapiga vigelegele vya utani: jini limerudi. Mimi nilipata barua ya onyo, nikajieleza kwa maandishi mara tatu, na faili langu likatembea taratibu kuliko ya wenzangu niliostaafu nao. Pensheni nimeipata. Mke wangu hajaacha kunikumbusha miezi ile tuliyoishi kwa mihogo, na ana haki. Mtoto alifaulu. Yuko sekondari, na nikipita Kibiti siku za gulio huwa namwona na sare yake, amekuwa mrefu, ananiamkia shikamoo na sauti yake nzima.

Lakini nilikwenda shambani mara moja nyingine, Julai ile, wakati wengine wanafunga matita yao na kuyapakia mitumbwini. Sikumwambia nakuja. Nilimkuta peke yake na mundu, anakata upande wa karibu na dungu, ambako kombeo la mtu mmoja linafika. Upande wa pili, nusu nzima ya shamba, mpunga ulikuwa umesimama wima na haujaguswa, nikamuuliza kwa nini anauacha ule. Aliendelea kukata. Nikaenda mwenyewe, nikavuta suke, kisha jingine, nikaendelea kuvuta mpaka mwisho wa tuta. Yalikuwa makapi matupu, ndege wamekula punje zote. Serikali ilikuwa imekwisha kumlipia mtoto yule dawati lake. Mimi ndiye niliyemfanya bibi yake alilipie mara ya pili, na alilipa kwa nusu ya chakula cha mwaka, bila kunitajia.

Nikaazima mundu wake wa pili, nikaanza kukata kutoka ncha nyingine ya ule upande uliopona. Nilikata vibaya, akanicheka, akanionyesha pa kushika.